Mchanga wa Sahare unakunywa maji yote: nimwagilie kwa mpira, keni au dripu?

MamaMatembele_Sahare aliuliza:

Habari zenu wakuu, na shikamooni mliotutangulia.

Nina kibustani nyuma ya nyumba huku Sahare, Tanga. Matuta ni manne, kila moja mita 5 kwa 1, na ukijumlisha njia za katikati ni kama mita za mraba 30. Tuta la kwanza mchicha, la pili sukuma wiki, la tatu bamia na nyanya chungu, la nne nyanya. Udongo ni kichanga, na ukichimba nusu mita hivi unaanza kugonga vipande vya matumbawe.

Namwagilia kila jioni kwa mpira wa nusu inchi, nimeziba mdomo wake kwa kidole gumba ili maji yatawanyike, dakika kumi, mpaka bustani nzima inakolea rangi. Lakini kesho yake saa nane mchana majani yamelala, na nyanya zimeanza kuoza kitako. Maji ya bomba hayatoki kila siku. Tangi la lita 500 ninalo, limekaa tupu. Kisima kifupi cha jirani pia naruhusiwa kuchota, ila maji yake ukiyaonja yana chumvi kwa mbali.

Niongeze dakika? Nihamie kwenye dripu (zile laini za mpira zenye vitundu vinavyodondosha maji), na je tangi hilo linatosha bila pampu? Na maji ya kisima nayaweza kuyatumia au nitaua kila kitu?

—

Kitalu_Pongwe:

Marahaba, dada. Kabla ya kununua chochote pima vitu viwili, ni kazi ya dakika tano.

Kwanza, weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira uleule, koki imefunguliwa vilevile unavyofungua siku zote, uhesabu sekunde hadi ijae. Pili, baada ya kumwagilia jioni subiri saa moja, kisha chimba kishimo kwenye tuta kwa mwiko wa bustani, ukate ukuta wake wima. Utaona mstari: juu udongo mweusi wenye unyevu, chini mkavu wenye rangi ya majivu. Pima kwa rula kutoka juu hadi kwenye mstari huo. Leta namba mbili hizo hapa.

Na asubuhi saa kumi na mbili tazama majani. Yakiwa yamesimama vizuri, kulala saa nane si ugonjwa. Sukuma wiki hulegeza majani kwa jua kali hata mizizi ikiwa ndani ya maji. Yakiamka yamelala, hapo kweli kuna kiu.

—

MamaMatembele_Sahare:

Asante kaka. Ndoo imejaa kwa sekunde 80. Kishimo: unyevu umeishia sentimita 5, chini ni vumbi kabisa, nimeshangaa. Asubuhi sukuma wiki imesimama ila bamia na nyanya bado zimelegea.

—

Kitalu_Pongwe:

Basi jibu limeshapatikana. Lita 20 kwa sekunde 80 ni lita 15 kwa dakika. Dakika kumi ni lita 150. Ukizitawanya kwenye mita za mraba 30, njia zikiwemo, kila mita inapata lita 5, sawa na milimita 5 za mvua. Mchanga uliokauka hushika maji kama asilimia 9 au 10 ya ujazo wake, kwa hiyo milimita 5 zinashuka sentimita 5 tu. Ndicho ulichokiona kwenye rula. Mizizi ya nyanya ingependa kwenda sentimita 40 na zaidi, lakini haiwezi kupita kwenye udongo mkavu, basi yote imebanana kwenye hizo 5 za juu, ambazo kufika saa sita mchana jua na upepo vimeshazimaliza.

Mchanga wako hauna kosa, dada. Theluthi moja ya maji umeyanywesha njia, na yaliyobaki hayakufika chini.

Bustani ya mboga kwa joto la pwani hutumia kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Januari na Februari zinaweza kuzidi, kipupwe cha Juni na Julai hupungua hadi 4 hivi. Wewe una mita 20 za matuta, kwa hiyo unahitaji lita 100, ndoo tano kwa siku. Yaani chini ya unazomwaga sasa! Njia ziache kavu, magugu nayo yatapungua.

Kwa mimea iliyokomaa (nyanya, bamia, nyanya chungu, sukuma wiki) toa lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya siku moja, badala ya 5 kila siku. Keni ya lita 10 inarahisisha: keni moja kwa kila mita, keni tano kwa tuta. Usizidishe 10 kwa mkupuo. Sentimita 30 za juu za kichanga hazina maji ya kutumika zaidi ya milimita 20 hadi 30, na mmea usubirishwe mpaka nusu tu iishe. Ukimwaga 20 kwa pamoja, nyingine zinapita chini ya mizizi pamoja na mbolea yako.

Mchicha ni hesabu nyingine. Mizizi yake mifupi, na wiki mbili za kwanza baada ya kuota upe nusu keni kwa mita kila siku, kwa kichwa cha keni chenye matundu madogo kilichogeuzwa kutazama juu ili maji yaanguke kama manyunyu. Mpira wenye kidole gumba hufukua mbegu na kuzikusanya kwenye ukingo wa tuta. Ndiyo maana mchicha wa watu wengi umesongamana pembeni na katikati kuna upara.

Siku tatu za mwanzo utahitaji kuubembeleza udongo. Mchanga uliokauka sana wenye mabaki ya samadi hukataa maji: yanasimama juu kama shanga, halafu yanakimbilia njiani. Mwaga nusu ya kwanza, zunguka matuta mengine, rudi baada ya robo saa umwage nusu ya pili. Chimba kishimo tena. Ukiona mstari umefika sentimita 25 hadi 30, umemaliza.

Kuoza kitako kwa nyanya si ukungu wala mdudu, usipige dawa. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo udongoni ila haifiki kwa sababu husafiri na maji, na maji yanakuja kwa kushtukiza. Yaliyokwisha kuoza hayaponi, yachume. Yatakayofungwa baada ya unyevu kutulia yatakuwa mazima.

—

FundiBomba_Ngamiani:

Mkuu hapo juu kamaliza upande wa udongo. Mimi nijibu la tangi.

Pampu huhitaji. Ila uelewe nguvu ya mwinuko, maana hapa ndipo wengi wanapotupa hela. Kila mita 1 ya urefu ni baa 0.1. Laini za dripu za dukani huandikwa utokaji wake kwa baa 1, yaani kama tangi liko mita 10 juu. Tundu lililoandikwa lita 1.6 kwa saa, ukilipatia mwinuko wa mita 1 tu, hutoa kama nusu lita. Si sehemu ya kumi, kwa sababu utokaji hufuata kipeuo cha pili cha mwinuko. Kwa bustani ya nyumbani nusu lita ni nzuri, mchanga unainywa polepole bila kuipoteza.

Nunua laini ya milimita 16 yenye matundu kila sentimita 20. Ya 30 ni nafuu, lakini kwenye kichanga maji yanashuka wima kuliko yanavyotanuka, utabaki na mabaka makavu katikati. Tuta la upana wa mita 1 liwe na laini mbili. Matuta manne ni laini 8 za mita 5, jumla mita 40, matundu 200. Kwa nusu lita kila moja, ni lita 100 kwa saa. Umeona? Mahitaji ya siku yanaisha kwa saa moja, na tangi likijaa linakupa siku tano bomba likiwa kimya.

Usiuziwe laini zenye matundu ya kujisawazisha presha. Ni mazuri kwa shamba lenye pampu, ila kwa mita 1 ya mwinuko hayafanyi kazi inavyotakiwa.

Kuunga: kitako cha tangi kikae mita 1 kutoka ardhini, 1.5 ikiwezekana. Lita 500 ni nusu tani, kwa hiyo jukwaa liwe la tofali, na juu pawe bapa kabisa, tangi lisining'inie hata ukingo mmoja. Toa maji sentimita 5 juu ya kitako, si kitakoni kabisa, ili tope libaki. Koki ya robo tatu ya inchi, kisha chujio la wavu namba 120, kisha bomba la poli la inchi moja lipite kwenye vichwa vya matuta yote. Hapo toboa matundu 8, kila moja raba yake na konekta yake ndogo ya kuanzia. Ukiweza weka konekta zenye vikoki: mchicha ukivunwa unafunga laini mbili tu, nyingine zinaendelea.

Laini zilazwe matundu yakitazama juu. Wengi hugeuza chini wakidhani maji yatafika haraka, kumbe mchanga mwembamba unaotulia ndani ya laini ndio unaoziba. Usizivute zikakaza, jua likipoa zinajikunja na kuchomoka. Kabla ya kufunga miisho fungua maji yatoke hadi yawe meupe, ndipo ukunje ncha mara tatu na kuivisha pete ya sentimita 3 uliyokata kwenye laini hiyohiyo. Huna haja ya kununua kizibo, na siku ya kusafisha unachomoa pete tu.

Jaribio la mwisho: fukia makopo mawili ya ukubwa mmoja, moja chini ya tundu la kwanza na jingine chini ya la mwisho, uache nusu saa. Kila kopo liwe na kama robo lita. La mwisho likiwa na chini ya sehemu nne kwa tano za la kwanza, tuta halijalingana. Kwa mwinuko mdogo hivi hata mteremko wa sentimita 20 unahesabika.

Kingine: tangi likijaa maji yanasimama karibu mita 2 kutoka ardhini, na likikaribia kuisha ni mita 1. Saa moja ya tangi lililojaa hutoa kama asilimia 40 zaidi ya saa moja ya tangi lililoshuka. Kwa hiyo usifuate saa, fuata lita. Bandika ubavuni kimrija kinachoonyesha maji ndani kilichounganishwa na koki ya chini, uweke alama kila lita 100.

Mdomo wa tangi uvalishe wavu wa mbu. Mbu wa dengue anapenda sana maji safi yaliyotulia ya matangi ya nyumbani.

—

Chumvichumvi_Mwahako:

Naongezea la kisima, na hapa nitapingana kidogo na fundi, maana hakugusa kitu kikubwa.

"Chumvi kwa mbali" si kipimo. Ulimi huzoea, anayeyanywa kila siku haisikii kabisa. Tafuta kile kipimo kidogo kama kalamu kinachosoma chumvi ya maji kwa maikrosimensi kwa sentimita. Kwa vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yanaweza kutumika bila kupunguza mavuno hadi takriban 700 kwa maharage na karoti, 800 vitunguu, 1,000 pilipili, 1,200 kabichi, 1,700 nyanya, na 2,700 kwa bitiruti. Kupita hapo mmea haufi, unadumaa. Na namba hizo zinachukulia kwamba sehemu ya maji yako inapita chini na kuondoka na chumvi. Ukimwagilia kwa kubania, kila lita inaacha chumvi yake palepale.

Ukiwa na maji ya bomba, changanya. Bomba likisoma 300 na kisima 2,400, nusu kwa nusu ni 1,350, nyanya zinaishi. Kisha ongeza maji ya kuosha. Kwa maji ya 1,500, nyanya zinataka asilimia 14 hivi ya maji yote unayomwaga ipite chini ya mizizi, pilipili asilimia 25. Usiongeze kila siku. Kusanya deni hilo ulimwage siku moja kila wiki mbili, kwa keni, tuta zima. Kichanga kina heri yake hapa, kinaosheka upesi kuliko udongo mzito.

Pima mara mbili kwa mwaka, mwisho wa kiangazi kabla ya masika ndipo kisima kinakuwa kibaya zaidi. Na usikivute mpaka kikauke. Visima vya karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, ukivuta kwa pupa ya chini yanapanda. Ndoo kumi asubuhi na kumi jioni ni bora kuliko ishirini kwa mkupuo.

Maji hayo yasiguse majani, hasa mchana. Ile imani kwamba tone la maji huchoma jani kama kioo, achaneni nayo, maji matamu hayachomi. Kinachochoma ni chumvi inayobaki tone likikauka: ukingo wa jani unakuwa kahawia kama umeungua na karatasi ya moto, katikati bado kijani.

Sasa kwa fundi. Huku kwetu kuna mawe ya chokaa, na maji yaliyopita ndani yake huacha ukoko mweupe. Angalia sufuria yako ya kuchemshia, dada: ikiwa ina gamba jeupe, matundu ya dripu yatapata gamba hilohilo, na wavu namba 120 hauzuii kitu kilichoyeyuka. Kuna haja ya kuosha laini kila mwezi: mimina siki nyeupe lita 1 kwa maji lita 10 kwenye ndoo iliyoinuliwa, jaza laini, funga, zilale usiku, asubuhi fungua miisho uzikung'ute. Kwa maji ya bomba peke yake, yale yatokayo bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, tatizo lako litakuwa zaidi tope na mwani kuliko chokaa, na tangi jeusi linatosha kuuzuia mwani.

—

FundiBomba_Ngamiani:

Nakubali mkuu, la gamba nililisahau. Siki isikae kwenye chujio lenye wavu wa chuma cha bei rahisi, litoe kwanza.

—

Bi_Makumbi:

Asalaam aleikum. Mmemjengea mwenzenu mtambo, na hela ya laini 8 huenda hana mwezi huu. Kuna njia mbili za bure au karibu na bure.

Mtungi. Ule wa udongo wa kupozea maji ya kunywa, usiopakwa rangi wala kung'arishwa. Ujaze maji uuache nje, baada ya saa chache ubavu ukitoa jasho unafaa, ukibaki mkavu urudishe dukani. Wa lita 5 hadi 8 ufukie hadi shingoni, mdomo ubaki sentimita 3 juu ili mchanga usiingie, ufunike kwa kigae au kifuu chenye kitundu kidogo. Panda bamia au nyanya nne kuuzunguka, sentimita 15 kutoka ubavuni. Mche mchanga uendelee kuumwagilia kwa juu wiki mbili, hadi mizizi ifike mtungini. Baada ya hapo unajaza kila siku ya tatu au ya nne. Udongo ukiwa na unyevu mtungi hutulia wenyewe, ukikauka unavuta. Usiuache ukauke kabisa, na kwa maji ya chumvi vinyweleo huziba, ufukue kila msimu uusugue kwa brashi. Kwa mchicha wa kumwaga haufai, usihangaike.

Na makumbi ya nazi, Tanga hii yanachomwa tu. Yaloweke siku tatu ukibadilisha maji, kwa sababu mengine yana chumvi na rangi ile nyekundu. Chimba mfereji wa sentimita 40 katikati ya tuta, yapange tabaka mbili, tumbo likitazama juu kama bakuli, fukia kwa udongo uliochanganywa na samadi. Maji yanayopita kwenye mchanga wako yanadakwa hapo. Juu ya tuta tandaza majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ziache nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina lisioze.

Zile chupa za plastiki zilizopinduliwa mnazoziona mitandaoni: kwenye kichanga nusu lita inaisha ndani ya dakika chache, au kitundu kinaziba kabisa. Katikati hakuna.

—

MamaMatembele_Sahare:

Waaleikum salaam Bi Makumbi, nyote nawashukuru. Nimeamua: mwezi huu keni na matandazo, mitungi miwili kwenye bamia. Laini nitaanza na tuta la nyanya peke yake, konekta mbili, nyingine nitaongeza. Maji ya kufulia nayo vipi?

—

Kitalu_Pongwe:

Ya suuza ya mwisho, yasiyo na dawa ya kung'arishia nguo, mpe mgomba au mpapai, kwa zamu na maji safi. Mboga za majani usiziguse nayo. Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi, na kwako tayari kuna kisima cha chumvi.

Ukianza laini kwa tuta moja, hesabu mpya: matundu 50, lita 25 kwa saa, na tuta la mita 5 linataka lita 25. Saa moja ileile. Mwagilia alfajiri kabla ya jua kukaza, ila kwa dripu hata jioni si mbaya maana majani hayalowi, na ugonjwa wa bakajani hupenda jani lililolala na maji.

—

Chumvichumvi_Mwahako:

Kimoja cha mwisho kabla hujafunga laini. Dripu husukuma chumvi pembeni, utaona mstari mweupe umbali wa kiganja kutoka tundu, udongo ukiwa umekauka. Ikija mvua ya kwanza ya vuli, zile rasharasha za milimita tatu nne, watu hufunga koki wakifurahi. Mvua hiyo haioshi, inayeyusha ule mstari na kuurudisha kwenye mizizi, na kesho yake nyanya zimenyauka na mvua imenyesha. Rasharasha ikianza, acha dripu wazi. Funga siku mvua itakapojaza ndoo iliyokaa uwanjani zaidi ya sentimita 3.